Nairuzi: Ngoma Imebaki, Hesabu Inapotea

Kila inapofika nusu ya pili ya Julai, macho ya Unguja huelekea Makunduchi. Huko kusini mwa kisiwa, wanaume wa pande mbili za mji hupigana kwa mabua ya migomba ili kinyongo cha mwaka mzima kiishie uwanjani, wanawake huvaa nguo mpya na kuimba njiani, na kibanda cha makuti hujengwa ili kichomwe moto. Mganga huingia ndani, moto ukawashwa, akatoka mbio, na watu wakaangalia moshi unaelekea wapi. Baada ya hapo ni kula na kukaribisha wageni, maana si vizuri siku hiyo mtu kukosa mgeni mlangoni kwake. Hii ndiyo Siku ya Mwaka, Nairuzi ya Waswahili, na Makunduchi wanaiita Mwaka Kogwa. Viongozi wa serikali huhudhuria, watalii hupiga picha, na wengi hurudi mjini wakiamini wameuona Mwaka. Hoja yangu ni kwamba walichokiona ni kichwa tu cha jambo kubwa zaidi. Mwili wake ni hesabu ya siku 365 ambayo kwa karne nyingi iliwaambia wavuvi na wakulima wa mwambao huu lini upepo utageuka na lini jembe lishikwe. Hesabu hiyo inahitajika zaidi katika vijiji ambavyo hakuna anayekwenda kuvitazama kwa ajili ya Nairuzi, kama vile Matemwe, na ni hiyo tunayoiacha ife huku tukiipigia ngoma siku yake ya kwanza.

Jina Nairuzi limetoka Uajemi, na huko maana yake inafahamika bila utata. Nowruz ya Iran huanza pale jua linapovuka mstari wa ikweta mwezi wa Machi, karibu na tarehe 21, baridi inapokwisha na miti inapochipua. Mwaka 2009 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika kwa niaba ya nchi saba, na mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ukaitambua tarehe 21 Machi kuwa Siku ya Kimataifa ya Nowruz. Hapo ndipo swali linapozaliwa. Ikiwa Nairuzi ni sikukuu ya machipuko, inafanya nini Unguja mwezi wa Julai, katikati ya kipupwe, ardhi ikiwa inakauka na kusi likivuma? Wapo wanaojibu haraka kwamba sisi tulipokea ganda bila kiini, kwamba sherehe ya watu wa nchi za baridi ilitupwa pwani na mawimbi pamoja na mitungi ya Siraf, bandari ya Uajemi, ikabaki bila maana. Jibu hilo ni jepesi mno, na hesabu yenyewe inalikanusha.

Mwaka wa Nairuzi una miongo 36, na kila mwongo ni siku 10. Hizo ni siku 360. Zinabaki siku 5 za kufungia mwaka, na ya mwisho kabisa huitwa kibunzi. Kesho yake ni Siku ya Mwaka, na hesabu huanza upya. Hakuna siku ya ziada kila baada ya miaka minne. Kwa kuwa jua huchukua siku 365 na karibu robo, Nairuzi hurudi nyuma siku moja kila miaka minne ukiilinganisha na majira. Katika miaka 100 hurudi nyuma siku 24 hivi. Mwendo huu unaonekana katika maandishi. Ahmad ibn Majid, nahodha na mwandishi wa Kiarabu wa karne ya 15, alipanga safari za baharini kwa kuhesabu siku tangu Nairuzi, na wakati wake Nairuzi iliangukia katikati ya Novemba kwa kalenda iliyotumika Ulaya enzi hizo. Askofu Edward Steere, aliyekusanya maneno ya Kiswahili Unguja katika miaka ya 1860, aliikuta Siku ya Mwaka mwishoni mwa Agosti. Leo ni Julai. Na Wafarsi wa India wanaofuata hesabu ya kale iitwayo Kadmi, ambayo nayo haina siku ya ziada, huanza mwaka wao katikati ya Julai, siku chache tu kutoka Nairuzi yetu. Mambo haya hayakutokea kwa bahati. Mabaharia wa Bahari ya Hindi, waabudu moto wa Gujarat na wavuvi wa Unguja wamekuwa wakivuta uzi mmoja wa siku, uliofungwa katika zama za mfalme Yazdgerd wa Tatu mwaka 632.

Ukiuvuta uzi huo kurudi nyuma, unafika karibu na mwaka 1000, ambapo Nairuzi ya hesabu hii iliangukia Machi, palepale penye machipuko ya Uajemi. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, ulijengwa wakati Nairuzi hiyo ilikuwa bado haijaenda mbali na Machi. Nalitaja hili kwa pembeni tu, si ushahidi wa nani aliileta wala lini. Lakini tangu hapo Nairuzi imepita katika majira yote ya Unguja. Imewahi kugusa mwanzo wa masika, ikakaa katika vuli na mwanzo wa kaskazi wakati wa Ibn Majid, ikapita demani wakati wa Steere, na sasa imo ndani ya kipupwe. Katika karne zote hizo watu hawakuiacha. Kama thamani yake ingekuwa kusherehekea majani mapya, ingekufa mara ilipoachana nayo. Haikufa kwa sababu kazi yake ilikuwa nyingine, nayo ni kuwa mwanzo wa kuhesabia, mahali imara pa kusimama na kusema: tangu hapa mpaka upepo ugeuke ni siku kadhaa.

Kwa nini mvuvi wa Matemwe ahitaji mwanzo wa namna hiyo? Matemwe iko kaskazini mashariki mwa Unguja, ikitazamana na kisiwa cha Mnemba, na mbele yake kuna mwamba mrefu unaotenganisha kina na ufuko. Maji yakipwa, eneo kubwa hubaki wazi, wanawake wakashuka kufunga mwani na kutafuta pweza, na yakijaa ngarawa hupita. Shughuli hizo za kila siku zinaongozwa na mwezi wa mbinguni. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji mafu huja katikati yake, na mtu akijua leo ni tarehe ngapi ya mwezi anajua maji yatapwa saa ngapi na yatakwenda mbali kiasi gani. Kalenda ya Hijria inatosha kabisa kwa kazi hiyo. Lakini mwezi hauzungumzi lolote kuhusu upepo. Kusi na kaskazi huongozwa na jua, na mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 11 hivi. Idd el-Fitri ya mwaka 2014 iliangukia mwishoni mwa Julai, na ile ya mwaka 2024 iliangukia Aprili, katika masika. Mtu anayepanga msimu wa kwenda dago, yaani kambi ya uvuvi, kwa mwezi wa Shaaban au Rajab angepotea ndani ya miaka mitatu. Ndiyo maana watu wa pwani, Waislamu tangu zamani na wenye kuushika vizuri mwezi wao, waliweka sambamba hesabu ya pili ya jua. Mwezi kwa ajili ya maji, Mwaka kwa ajili ya pepo. Mfumo huu wa kalenda mbili zinazogawana kazi ni moja ya akili kubwa za ustaarabu wa Waswahili, na inasikitisha kwamba vitabu vya shule havina habari nao.

Mkulima naye alikuwa na haja yake. Nyuma ya ufuko wa Matemwe kuna maweni, ardhi ya mawe ya matumbawe yenye udongo mdogo katika mifuko ya mawe. Ardhi hiyo haisamehe anayekosea wakati. Ukifyeka na kuchoma mapema mno, magugu hurudi kabla ya mvua, na ukichelewa, mvua inakuta majani mabichi hayajakauka na moto haushiki. Kati ya kipupwe na vuli ndipo pa kufanya uamuzi huo, na kuhesabu miongo tangu Siku ya Mwaka kulimpa mkulima kipimo bora kuliko kusubiri wingu. Hata mila za siku yenyewe zina harufu ya kazi hii. Habari za zamani zinataja kukoga baharini alfajiri, kuzimwa kwa mioto ya jikoni na kupekechwa moto mpya. Maji na moto, vitu viwili ambavyo kijiji kizima kinaishi navyo, vinaanzishwa upya siku moja ili kila nyumba ihesabu pamoja. Bila mkusanyiko kila mzee angekuwa na hesabu yake, na hesabu isiyokubaliwa na wote haiwezi kuwaambia watu lini watoke. Kwa mtazamo huu ngoma ya Makunduchi si kitu kidogo hata kidogo. Ni saa ya kijiji inayotegwa mbele ya mashahidi.

Sasa tuzijibu hoja zinazopinga, kwa maana zina uzito. Ya kwanza ni ya kihesabu, kwamba kalenda inayorudi nyuma ni mbovu, na mtu mwenye akili angetumia Januari hadi Disemba. Ni kweli kwamba wengine walirekebisha. Wairani waliifunga Nowruz kwenye machipuko kwa kalenda ya Jalali mwaka 1079, chini ya Sultani Malik Shah, na mshairi Omar Khayyam alikuwa miongoni mwa wanajimu walioifanya kazi hiyo. Waethiopia wana miezi 12 ya siku 30 na mwezi wa kumi na tatu wenye siku 5, au 6 katika mwaka mrefu, na kwa hiyo mwaka wao mpya, Enkutatash, huwakuta Septemba mvua kubwa zikiisha na maua ya njano yakifunika vilima. Huyo ndiye jirani yetu wa Afrika Mashariki mwenye sikukuu ya machipuko hasa. Wavuvi wa Ghuba nao huhesabu kwa makumi kama sisi, lakini huanza pale nyota ya Suheli inapoonekana alfajiri mwezi wa Agosti, na nyota hairudi nyuma kama Nairuzi. Kwa hiyo dawa zilikuwepo. Lakini tuangalie ugonjwa wenyewe ulivyo mdogo. Siku moja kwa miaka minne ni siku 10 kwa miaka 40, yaani mwongo mmoja tu katika umri wa kazi wa mvuvi. Babu aliyezoea kuona upepo ukigeuka katika mwongo wa nane, mjukuu wake atauona katika mwongo wa tisa. Mafundi wa hesabu walilijua hilo na walilisahihisha kwa kutazama mbingu, hasa Kilimia, nyota ambazo wahenga walisema zikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na zikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kosa linalojulikana ukubwa wake na mwelekeo wake halimpotezi mtu. Linalompoteza ni kuamini kwamba hakuna kosa, kama vinavyofanya vijitabu vingi vya watalii vinavyochapisha tarehe ileile ya Mwaka Kogwa kila mwaka kana kwamba imegongwa msumari katika kalenda ya Ulaya.

Hoja ya pili ni ya dini, na haifai kupuuzwa, maana wanaoitoa ni watu wa vijiji vilevile. Husemwa kwamba Siku ya Mwaka ni mila ya waabudu moto, kwamba uganga na kuangalia moshi ni ushirikina, na kwamba Muislamu ana Idd mbili zinamtosha. Kuhusu kutabiri kwa moshi, aliye na shaka ana haki ya kubaki nayo, na sioni sababu ya kumlazimisha mtu aingie uwanjani. Lakini hoja hiyo haigusi hesabu. Kujua siku ya ngapi tangu Nairuzi si ibada, kama vile kujua leo ni tarehe 5 Machi si kuabudu mungu wa vita wa Warumi ambaye mwezi huo umechukua jina lake. Tena mwambao wenyewe haukuona mgongano. Lamu ng'ombe alizungushwa mjini kwa kisomo cha Qurani kabla ya kuchinjwa, na Mombasa watu wa Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili, hukusanyika kwenye kaburi la Shehe Mvita, wakaomba dua na kuchinja. Miji hiyo imetoa wanazuoni wakubwa. Mtu anaweza kumpinga mganga wa Makunduchi kwa moyo wake wote na bado akahitaji kujua mwongo wa ngapi umeingia.

Hoja ya tatu husemwa kwa sauti ya chini zaidi kwa sababu inagusa siasa. Nairuzi imehusishwa na Ushirazi, yaani madai ya asili ya Shiraz huko Uajemi, na Ushirazi katika Zanzibar ya karne ya 20 haukuwa jambo la mila tu. Chama cha Afro-Shirazi, kilichozaliwa mwaka 1957, kilibeba neno hilo katika jina lake, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 maswali ya nani alitoka wapi yakawa mazito. Wengine kwa hiyo huona kuitukuza Nairuzi ni kutukuza ukoo wa ng'ambo. Mimi naona kinyume chake. Kitu kilichobaki Uajemi ni Machi, lakini kilichobaki Unguja ni miongo iliyojazwa kusi, matlai, demani na vuli, maarifa ambayo hakuna mtu wa Shiraz angeweza kuyaleta kwa sababu Shiraz hakuna bahari wala mwamba. Uzi ulitoka nje, lakini kila fundo lililofungwa juu yake limefungwa na mikono ya watu wa hapa. Kuuita urithi huu wa kigeni ni kuwanyang'anya watu wa vijiji kazi yao wenyewe.

Hoja ya nne ndiyo ngumu kuliko zote, na ni ya leo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa masika na wa vuli, simu hutoa taarifa ya upepo wa kesho, na juu ya hayo majira yenyewe yamevurugika. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyopo Unguja wameandika jinsi joto la maji lilivyochangia kufa kwa mwani aina ya cottonii katika fukwe za mashariki, mwani ambao ulikuwa na bei nzuri kuliko ule wa spinosum. Je, hesabu ya zamani itasaidia nini wakati mvua haiji tena ilikotarajiwa? Hapa ndipo ninapoona thamani mpya ambayo hata wazee hawakuihitaji. Mwanamke wa Matemwe anaposema kusi limechelewa, anasema limechelewa kwa kipimo gani? Asiye na kipimo anabaki na hisia, na hisia za mwaka juzi huchanganyika na za mwaka jana. Aliye na miongo anaweza kusema kwamba zamani upepo ulitulia katika mwongo fulani, na sasa umepita miongo mitatu haujatulia, huku mmoja tu kati ya hiyo ukiweza kuelezwa na kurudi nyuma kwa Nairuzi. Tofauti inayobaki ndiyo mabadiliko ya tabianchi yaliyopimwa na watu walioyaishi. Simu hutabiri kesho vizuri, lakini haikumbuki ufuko wa Kigomani, hapo Matemwe, ulikuwaje miaka 30 iliyopita. Utabiri wa taifa hutolewa kwa kanda kubwa, na mwongo huhesabiwa kwa jicho la mtu aliyesimama mahali pamoja. Vitu hivi viwili vinahitajiana.

Tayari kuna mahali pa kuishikizia hesabu hii. Vijiji kadhaa vya Unguja na Pemba vimekuwa vikifunga sehemu za mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha vinafungua kwa siku iliyokubaliwa na wote, na wenye kuvua siku ya ufunguzi hupata pweza wakubwa. Uamuzi wa lini kufunga na lini kufungua ni uamuzi wa majira, na unahitaji mashahidi kama ulivyohitaji moto mpya wa Siku ya Mwaka. Eneo la hifadhi ya bahari la Mnemba liko mbele ya Matemwe, na kamati za wavuvi za shehia zipo. Zikiwa na daftari la mapato ya samaki, hakuna kinachozizuia kuandika juu ya kila ukurasa mwongo wa ngapi na siku ya ngapi. Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji kalamu, na mzee mmoja au wawili ambao bado wanaweza kuhesabu kutoka Siku ya Mwaka hadi Siku ya Mwaka bila kukosea.

Na hapo ndipo haraka inapoingia. Sherehe ya Makunduchi ina walinzi wengi: serikali, watalii, vijana wanaopenda vita vya migomba, na wenyeji wanaorudi kutoka mjini kwa ajili yake. Hesabu haina mlinzi hata mmoja. Haina ngoma, haipigwi picha, na huishi ndani ya vichwa vya watu ambao kila masika wanapungua. Wizara inayosimamia utamaduni Zanzibar ingeweza kuchapisha kalenda ya ukutani yenye tarehe za Hijria, za Kizungu na za Nairuzi sambamba, kama kalenda za misikitini zinavyochapisha tarehe mbili leo. Skuli za Matemwe, Nungwi, Jambiani na Makunduchi zingeweza kuwapa wanafunzi kazi ya kuwahoji wazee wao jina na tabia ya kila mwongo, kijiji kwa kijiji, kwa maana upepo wa Makunduchi si upepo wa Matemwe na majibu hayatafanana. Mwenye babu au bibi aliyewahi kwenda dago amwulize mwaka huu, aandike jibu lenye namba, na alipeleke kwa sheha wake.